Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya wageni kwenye kibaraza cha mchoraji wa Tingatinga

Saa 11:30 alfajiri. Kibaraza kinanyunyiziwa maji kwanza, kufagia baadaye. Ukifagia pakavu vumbi linapanda, na rangi ya mafuta iliyopakwa jana jioni bado inanata. Punje zikishaingia, ni msasa na kupaka upya. Halafu nakagua wadudu waliofuata taa usiku. Aliyenasa kwenye rangi mbichi mwache alipo, maana ukimtoa kwa kidole unaacha kovu. Rangi ikikauka, ukucha unatosha kumkwangua.

Hapa ni Msasani, Dar es Salaam, si mbali na Morogoro Stores ya Oysterbay, ambako Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, aliuza picha zake. Wageni wengi wanapitia kule kwanza, kisha wanakuja nyumbani kuona picha inavyochorwa. Ugumu ni kwamba mgeni ana saa mbili tu, na picha inataka siku tatu. Kwa hiyo ratiba yote ya Jumamosi inafuata kukauka kwa rangi.

Saa 1 asubuhi. Nasimamisha picha tatu za mnyama yuleyule. Ya kwanza ina rangi ya nyuma tu, bluu iliyoyeyushwa polepole kuelekea nyeupe kwa brashi pana, rangi zote mbili zikiwa bado mbichi. Ya pili ina twiga aliyejazwa rangi moja, hana macho wala madoa. Ya tatu inasubiri nukta na mistari ya pembeni. Kati ya hatua na hatua lazima usiku mmoja upite, na wakati wa masika hata mbili. Ukilazimisha, brashi inaburuta rangi ya chini na shingo ya twiga inaingia ubluu. Ukipaka nene ili umalize upesi ni balaa zaidi, kwa sababu juu panakauka, ndani pamebaki pabichi, na uso wote unajikunja. Hapo hakuna dawa isipokuwa kukwangua.

Picha za kuuza zinatundikwa zikiwa zimeinama mbele kidogo, kwa kipande cha mbao cha sentimita 3 nyuma ya ukingo wa juu. Rangi hii inang'aa sana. Picha ikisimama wima kabisa, mgeni anaona dirisha na uso wake mwenyewe. Bei naandika kwa shilingi peke yake, kwani kanuni za serikali za 2025 zinakataza kutangaza bei kwa dola.

Saa 2:30. Nabisha hodi mlango wa pili. "Shikamoo mama, leo kuna gari la wageni, likiziba njia niite." Dakika moja hiyo inaokoa ugomvi wa mchana kutwa.

Saa 3. Wageni sita, zaidi ya hapo kibaraza hakitoshi na harufu ya thinner, dawa ya kuyeyushia rangi, inaumiza vichwa. Kopo lililokaa wiki lina utando juu. Usiukoroge. Pitisha kisu pembeni, uinue mzima, kisha chuja rangi kwa soksi ya nailoni. Swali la kwanza huwa lilelile, kwa nini picha zinafanana mji mzima. Nawajibu bila kuzunguka: mitindo na wanyama tumerithishana tangu mzee Tingatinga alipoanza mwaka 1968, na alifariki 1972, kwa hiyo karibu kila kitu unachokiona sokoni kimechorwa na waliomfuata. Tazama sahihi kwenye kona, kisha tazama nukta. Mchoraji mwenye haraka nukta zake zina mikia.

Saa 4. Zamu yao kuchora. Kila mmoja anapewa hadibodi ya sentimita 30 kwa 30, upande laini. Wanachora umbo kwa chaki, ambayo kitambaa kikavu kinaifuta. Wageni wanatumia akriliki, inayokauka ndani ya nusu saa hivi, lakini akriliki juu ya rangi ya mafuta inabanduka kama ganda la yai. Ndiyo maana hadibodi zao zinapakwa rangi ya maji ya ukutani, mikono miwili, yaani mara mbili, tangu Alhamisi. Nukta wanaziweka kwa mkia wa brashi. Rangi ikiwa nyepesi nukta inatambaa, ikiwa nzito inavuta uzi. Wanajaribu kwanza kwenye kigae. Kazi inaondoka ndani ya boksi la piza, vijiti vinne kwenye kona ili kifuniko kisiguse.

Saa 7 mchana, wali na samaki, basi.

Saa 8. Mnunuzi anataka kanvasi ya kupanda nayo ndege. Naangalia tarehe niliyoandika nyuma ya fremu. Haijafika wiki, hakukunjwi kitu, hata akiongeza pesa. Anachagua nyingine au anaibeba ikiwa kwenye fremu. Iliyoiva inang'olewa pini na kuzungushwa kwenye bomba la plastiki la inchi 4, upande wenye rangi ukitazama nje. Ukiukunja ndani, rangi inabanwa na kupata mikunjo isiyofutika. Juu yake naweka karatasi ya kuokea. Gazeti linaacha herufi mgongoni mwa tembo, na nailoni inagandana na rangi kwenye joto. Malipo ni kwa lipa namba, na nasubiri ujumbe uingie kwenye simu yangu, sitazami wa kwenye simu yake.

Saa 10 hadi magharibi ndiyo kazi yangu mwenyewe. Mwanga ni laini, wageni wameondoka, naweka nukta kwenye ile picha ya tatu.

Saa 1 usiku. Brashi zinaoshwa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni ya mche, na nywele zinanyooshwa kwa vidole. Matambara yenye rangi ya mafuta naanika kwenye kamba, moja moja. Yakirundikwa yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka moto. Makopo yanafungwa kwa nyundo na kugeuzwa chini juu kidogo, ili rangi izibe ukingo na utando wa wiki ijayo uwe mwembamba.