Migomba ya Rosterman ilivyonifikisha Oxford

Watu wananiuliza sana, kwa simu, kanisani, hata ndani ya matatu, ati mwalimu wa Historia kutoka Kakamega ulifikaje Oxford, ulijuana na nani. Sikujuana na mtu. Naandika hii mara moja iishe, manake nimechoka kuona watoto wa watu wakiliwa pesa na kupewa ushauri mbaya ule ule niliopewa mimi.

Kwanza niseme hili mtu asipoteze wakati. Kama umemaliza tu kidato cha nne, KCSE peke yake haitoshi kuingia digrii ya kwanza pale, wanataka A-level au kitu cha kiwango hicho. Mimi nilienda kwa digrii ya pili, uzamili wa historia wa mwaka mmoja, nikiwa tayari nina digrii ya Chuo Kikuu cha Maseno na nimefundisha miaka sita. Hiyo njia iko wazi kwa walimu wengi kuliko wenyewe wanavyodhani.

Mwaka wa kwanza niliharibu kabisa. Kulikuwa na jamaa mmoja Kisumu mwenye ofisi ya kupeleka watu ng'ambo, ghorofa ya pili, bendera ndogo ndogo zimepangwa mezani, akaniambia historia ya kwetu haiuziki. "Madam, hao watu wanataka kuona unajua mambo yao." Akanishauri niandike juu ya Bismarck, yule chansela wa Ujerumani, na Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na mimi nikaona ana akili, manake ni mwalimu gani wa Historia Kenya asiyeujua Mkutano wa Berlin hata akiamshwa usiku wa manane. Nikamlipa kama elfu ishirini na kitu, nyingine nikatoa kwa chama chetu cha akiba. Nikaandika kurasa kwa kurasa usiku nikitoka kusimamia prepu, nikazipamba kwa maneno makubwa, nikatuma kwa chuo kimoja huko Uingereza, sio Oxford. Jibu lilikuja mistari mitatu. Nililia siku mbili nikisahihisha mitihani ya moku.

Lakini nikisoma ile insha tena leo naona shida iko wapi, na haikuwa Kiingereza. Kila nilichosema kuhusu Bismarck kilikuwa kimeshasemwa na mtu anayesoma Kijerumani, ambaye ameshika barua zenyewe kwa mkono. Mimi sikuwa nimegusa karatasi hata moja ya wakati ule. Nilikuwa narudia vitabu vya watu kwa sauti yangu, basi. Hiyo ndiyo tofauti ambayo yule jamaa hangeweza kuniambia hata ningemlipa laki, kwa sababu hajui historia ni kazi ya namna gani.

Sasa sikiza venye mambo yaligeuka.

Likizo ya Aprili nilikuwa kwa kukhu, mama wa baba yangu, huko upande wa Rosterman, karibu na Kakamega mjini, ulikokuwa mgodi wa dhahabu. Kukhu ana miaka tisini na zaidi, masikio yake ni mazima na ulimi pia. Nilikuwa nimebeba kitabu cha kidato cha tatu natayarisha kipindi, nikawa namsomea juu ya ardhi wakati wa mkoloni, kwamba mwaka 1930 serikali ilitunga sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika, ikisema maeneo yao ni yao milele na kipande kikichukuliwa lazima warudishiwe kingine cha thamani sawa. Halafu 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega, wazungu wakamiminika na hema zao, na Desemba 1932, hata sheria haijamaliza miaka mitatu, ikabadilishwa ili shamba lichimbwe bila mwenyewe kupewa shamba lingine, apewe pesa tu. Gavana wakati huo alikuwa Joseph Byrne. Hata bungeni kwao London kulikuwa na kelele, na mtu kama Lugard, aliyekuwa gavana wa Nigeria, ambaye hakuna anayeweza kumwita mpinga ukoloni, alilalamika.

Kukhu alinisikiza mpaka mwisho, mikono yake ndani ya ungo wa maharagwe. Halafu akauliza swali moja. "Hizo pesa za migomba, kitabu chako kinasema alipewa nani?"

Nikamwambia alipewa mwenye shamba.

Akasema, "Migomba ilikuwa ya mama."

Akaanza kuongea, na mimi nikaacha kipindi, nikachukua daftari. Alikuwa msichana mdogo, wa kutumwa maji. Watu walikuja wakapiga vigingi katikati ya boma, siku nyingine wakaja na karani, karani akahesabu nyumba na migomba, akaandika. Baba yake akaitwa kuchukua pesa, akanunua baiskeli. Mama yake, aliyepanda ile migomba moja moja, akang'oa machipukizi usiku akayabeba kwa kichwa hadi kwenye mawe kule juu, na hayakushika vizuri miaka miwili, na hiyo miaka miwili kukhu anaikumbuka kwa njaa. Baiskeli pia anaikumbuka. Kengele yake.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye ofisi ya Nyaraka za Taifa hapo Kakamega mjini. Wengi hamjui kwamba mafaili ya mkoloni hayako Nairobi peke yake, kuna matawi, Kakamega liko, Kisumu liko, Nakuru liko. Beba kitambulisho, ulipe ada yao ndogo, na uwe na adabu na wale wanaokuletea mafaili, ndio wanajua kila kitu kiko wapi kuliko orodha yenyewe. Siku ya kwanza na ya pili sikupata kitu, ni barua za barabara na ushuru wa vibanda tu. Siku ya tatu mzee mmoja wa pale aliponiona bado niko akaniletea faili ambalo sikuwa nimeliomba. Karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, kingo zimeliwa na mende, na ndani orodha ya fidia. Safu ya kwanza jina, ya pili nyumba, ya tatu migomba, ya nne shilingi, na mwisho alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau. Nilipitisha jicho juu hadi chini mara mbili. Wote wanaume. Safu nzima ya migomba, kitu ambacho kwa boma la kina kukhu kilikuwa jasho la mwanamke, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeweka kidole.

Nilikaa pale nikitetemeka. Nilikuwa na karatasi inayosema kitu kimoja na kukhu anayesema kile ambacho karatasi imeficha, na swali katikati yao ambalo sijaliona kwa kitabu chochote: fidia ilimlipa nani kwa jasho la nani. Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba marehemu Profesa Bethwell Ogot, mtu wa Gem hapo tu, alipoanza kukusanya masimulizi ya wazee wa Kijaluo, wasomi wengi bado walikuwa wanashikilia kwamba pasipo maandishi hakuna historia, na yeye akafanya kazi ile hadi ikampa udaktari Chuo Kikuu cha London. Gideon Were akakusanya ya Abaluyia. Kumbe njia ilishafyekwa zamani na watu wa huku huku, mimi ndiye nilikuwa nazunguka Berlin.

Basi pendekezo langu la utafiti nililiandika kwa wiki mbili na halikuwa na neno kubwa hata moja. Nilianza na swali la kukhu vile alivyolisema. Kama unaandika lako, sikiza mwenzangu, usianze na "tangu zama za kale" wala usiwaambie unavyopenda historia tangu utotoni, waonyeshe swali na waonyeshe karatasi utakayoishika.

Barua za wadhamini wa kitaaluma ni tatu, na hapo ndipo watu wengi wanaangukia. Lekchara ana wanafunzi mamia, wewe uliondoka miaka sita iliyopita, hakukumbuki. Sikutuma barua pepe. Nilipanda matatu hadi Luanda nikaunganisha Maseno, nikiwa na bahasha tatu, kila moja ina insha yangu ya zamani ambayo lekchara mwenyewe alisahihisha kwa kalamu nyekundu na pendekezo langu jipya juu yake. Mmoja aliona mwandiko wake mwenyewe akacheka, akasema, "Hapa nilikwambia uende kwa chanzo chenyewe." Nikamwambia, "Ndiyo mwalimu, sasa nimeenda." Aliandika barua siku hiyo hiyo.

IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nilifanya, Oxford kwa historia wanataka alama za juu, 7.5 kwa jumla, na wakati wangu ilikuwa kama elfu thelathini hivi, usiende kujaribu bahati. Pesa ya kuomba nayo ilikuwa kama elfu kumi.

Halafu skolashipu. Yule jamaa wa bendera alikuwa ameniambia kuna fomu maalum ya Clarendon ambayo yeye ndiye anaijua, na lazima alipwe kivyake. Hakuna fomu. Clarendon, ule ufadhili wa Oxford wenyewe, hauna maombi ya kando, ukituma maombi yako ya kusoma kabla ya ile tarehe ya mwisho ya Desemba au Januari wanakufikiria moja kwa moja. Nasema hili kwa hasira kwa sababu najua mwalimu mwenzangu aliyeuza ng'ombe kwa hiyo fomu.

Barua ya kukubaliwa ilikuja nikiwa darasani kidato cha pili, nikatoka nje nikasimama chini ya mparachichi. Ya ufadhili ikaja wiki kadhaa baadaye. Clarendon inalipa karo na pesa ya kuishi, lakini ndege, viza, ile ada ya hospitali za serikali yao na kipimo cha kifua kikuu Nairobi ni juu yako, kwa hivyo kulikuwa na harambee ndogo nyumbani, chama kikatoa, sako ikatoa, walimu wakatoa, na kukhu akatoa kuku wawili wakapigwa mnada kwa bei ambayo kuku hajawahi kuuzwa huku kwetu Lurambi.

Kusoma kwenyewe kuna mambo mengi nitaruka. Muhula ni wiki nane tu na wanakusomesha kana kwamba ni miezi sita. Wiki tatu za kwanza nilinyamaza kwenye semina kwa sababu wenzangu walikuwa wanaongea kwa uhakika sana, mpaka nikagundua wengi wao wanaongea juu ya vitabu vya watu, kama mimi na Bismarck. Siku tuliposoma juu ya ardhi na ukoloni niliwasomea ile safu ya migomba. Chumba kilitulia, halafu maswali yakaja mpaka saa ikapita. Tangu siku hiyo nilikuwa naongea.

Ili kutumia maktaba ya Bodleian unakula kiapo, na ndani yake unaahidi kutoingiza moto wala kuwasha chochote humo. Nilikisoma kwa sauti nikasimama kidogo. Mimi nilisoma darasa la nne hadi la nane kwa koroboi, na kukhu alikuwa anakaa upande wa pili wa ule moto ashone, ili mafuta yasiungue kwa mtu mmoja.

Nyumba ya hazina kwa mtu wa historia yetu ni Weston, jengo mojawapo la hiyo hiyo Bodleian, ndiko ziliko karatasi za binafsi za maafisa wengi waliotawala huku, zilikuwa jengo la Rhodes House zikahamishwa. Penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Nilisoma barua walizoandikia mama zao juu ya mvua, mpishi na mbwa. Na mara nyingi nilipanda basi hadi London, kwenda Kew kwenye nyaraka zao za taifa, mfululizo wa CO 533, ambamo barua kati ya Nairobi na ofisi ya makoloni zimekaa. Wakubwa walibishana kurasa kwa kurasa juu ya haki ya fidia. Katika mafaili niliyoshika mimi hakuna aliyeuliza nani alipanda.

Tasnifu ilikuwa ya maneno 15,000. Nilipita, na nilipita vizuri, sitaficha.

Niliporudi niliichapisha nakala moja hapo mjini, ikafungwa kwa jalada gumu la kijani, nikampelekea kukhu. Hasomi Kiingereza, kwa hivyo nilimtafsiria jioni tatu, kurasa za mwanzo za sheria nikapita haraka haraka, nikakaa sana kwa ile sura ya boma lao. Nilipofika pale ninapoandika kwamba mama yake alihamisha machipukizi ishirini, aliinua mkono.

"Thelathini," akasema. "Kumi aliyarudia asubuhi, na mimi nilimsaidia."

Tasnifu imeshawekwa kwenye rekodi, haibadiliki tena. Lakini kwa nakala yake nimeandika pembeni, kwa penseli, thelathini, na chini yake jina lake na tarehe.