Nilitaka tatuu isiyoonekana

Leo Jumapili nimekaa barazani, mkono wa kushoto juu ya paja, nautazama kama mtu anayetazama daftari la madeni. Upande wa ndani wa kifundo kuna mistari mitatu iliyokunjwa kama paa la nyumba, mmoja juu ya mwingine. Miwili rangi yake haisemeki: si nyeupe, si kahawia, ni kama chai ya maziwa iliyomwagikia kitambaa kikafuliwa kwa haraka. Wa tatu ni mweusi wa mkaa. Na wino mweusi haujawahi kuugusa mkono huu.

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa Newala, na ni wa kizazi cha mwisho katika ukoo wetu kuwa na nembo usoni. Mashavuni ana mistari ya pembe inayopandana, rangi ya bluu iliyokoza hadi kukaribia nyeusi. Walichanjwa kwa kisu wakiwa wasichana, vidonda vikapakwa mkaa wa mbegu za nyonyo, na baadaye fundi akarudia palepale ili rangi ishike. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nazifuata kwa kidole, yeye amefumba macho. Nilipokua na kuanza sekondari Dar, alikuja kututembelea siku ambayo nilikuwa na wenzangu uani. Nilimharakisha kuingia ndani, nikamwambia apumzike, safari ilikuwa ndefu. Hakuwa amechoka.

Nikiwa na miaka 31 nikazitaka nembo zake. Ila nafanya kazi kaunta ya benki, na mama ni mlokole wa kukesha. Basi nikapata akili niliyoiona ni ya hali ya juu: nitachora kwa wino mweupe. Itakuwepo, lakini haitakuwepo. Mwenye kujua atajua, bosi na mama hawatajua. Kwenye simu nilikuwa nimekusanya picha za mikono yenye tatuu nyeupe zinazong'aa kama lesi. Sikujiuliza kwa nini karibu mikono yote ilikuwa ya Wazungu, wala kwa nini pembeni mwa michoro ngozi bado ilikuwa nyekundu. Zilikuwa picha za dakika kumi baada ya sindano. Hakuna anayepiga picha ya mwaka wa pili.

Mchoraji, namtendea haki, alinionya. "Dada, nyeupe kwenye ngozi yetu inasumbua. Chukua nyeusi, ndogo, utaificha na saa." Nikamwambia mkono ni wangu. Akainua mabega.

Alichojaribu kuniambia nilikuja kukielewa baadaye. Wino wa tatuu haukai juu ya ngozi, unakaa chini yake, na ngozi ya juu inabaki mbele kama pazia. Kwa mtu mwenye melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, hilo pazia ni la kahawia. Wino mweusi unapenya pazia na kuonekana. Mweupe unakuwa kama ukuta uliopakwa chokaa nyuma ya pazia la kahawia: unachoona ni pazia. Halafu jua likipiga, pazia linazidi kukolea. Wino mweupe wenyewe ni mzito, kwa kawaida unga wake ni titaniamu dioksaidi, uleule unaotia weupe kwenye rangi za ukutani na dawa za meno. Ili uonekane, mchoraji hulazimika kurudia palepale mara nyingi, na kila kurudia ni jeraha. Mkono wangu ulivimba siku tano. Kaka yangu ana kovu la kuvimba sikioni, lile linaloitwa keloidi, alilipata kwa kutoga tu, na makovu hayo huenda na ukoo. Kwa hiyo mimi nilicheza na moto nikapona kwa bahati.

Mwezi wa kwanza ilipendeza, sikatai. Kwenye mwanga wa pembeni ilionekana kama imeshonwa kwa uzi. Mwezi wa nne ikaanza umanjano. Kingo zikalegea. Mwaka ulipoisha, wateja walikuwa wananipa pole. "Pole dada, ni mafuta ya moto?" Kijana wa duka la dawa, bila kuulizwa, akanishauri dawa ya choa. Rafiki yangu mmoja, ambaye nampenda lakini akili yake siku ile ilikuwa likizo, akapendekeza nipake mkorogo juu yake, ngozi ififie ili weupe utokeze. Nilicheka, kisha nikashtuka kwamba kwa nusu dakika niliufikiria.

Hayo yote ningeyabeba. Kilichonishinda ni Newala, Desemba, msimu wa korosho unaelekea ukingoni. Bibi ananikabidhi bakuli, akaona mkono wangu. Akaushika, akasogeza uso karibu, maana macho yake sasa ni ya kukisia. Akapitisha kidole gumba juu ya ile mistari mitatu, mistari ya shavu lake mwenyewe.

"Uliungulia wapi, mwanangu?"

"Jikoni, bibi."

Akanipulizia kifundo, kama mtoto.

Niliporudi Dar nikaenda kwa daktari wa ngozi nikamwambia aiondoe. Nilidhani nyeupe itakuwa rahisi kufuta kwa sababu tayari haionekani vizuri. Ni kinyume kabisa. Tatuu hufutwa kwa leza, mashine ya mwanga mkali, nayo inafanya kazi kwa kumezwa: mwanga unarushwa kwa mapigo mafupi mno, chembe za rangi zinaumeza, zinapasuka vipande vidogo, mwili unavibeba taratibu. Rangi nyeusi inaumeza vizuri kuliko zote. Nyeupe inaurudisha, kama paa la bati jipya linavyorudisha jua. Na kwa ngozi nyeusi daktari hana uhuru wa kuchagua leza yoyote, kwa sababu melanini nayo inameza mwanga. Aliniambia angetumia ile yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambayo inapita ngozi ya juu bila kuichoma sana, na hata hiyo inaweza kuniachia mabaka.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitilia maanani: wino mweupe ukipigwa leza unaweza kugeuka mweusi. Kwa hiyo hatagusa wote. Atajaribu mstari mmoja, tusubiri.

Milio midogo kama ya njugu zinazokaangwa, harufu ya unywele ulioungua, maumivu ya kuchapwa na raba bendi mara thelathini. Mstari ukafuka povu jeupe, mweupe kuliko siku ulipochorwa! Nikafurahi kama mjinga. Hilo povu ni viputo vya gesi tu, vinatulia baada ya muda mfupi. Vilipotulia, chini yake kulikuwa na mstari wa kijivu kibichi, na siku zilizofuata ukazidi kukolea. Daktari akanieleza kwamba titaniamu, ikipata joto kali kiasi kile, inabadilika hali yake ya kikemia na kuacha kuwa nyeupe. Rangi za tatuu zenye oksidi ya chuma, kama za nyusi na midomo, nazo hufanya vilevile: zinatoka kwenye rangi ya kutu na kuwa nyeusi. Wanawake wanaotaka kufuta nyusi za kuchora, ombeni jaribio kwanza.

Nilikaa ndani ya bajaji nikautazama mkono. Nilichokuwa nimekificha miaka mitatu kilikuwa kimeandikwa upya kwa maandishi meusi, na nilikuwa nimelipia, bei ya kikao kimoja ikizidi ile ya kuchora.

Sasa chaguo ni hizi. Kuendelea na leza, kwa kuwa weusi mpya huenda ukameza mwanga na kufifia, vikao vingi, wiki sita hadi nane kati ya kimoja na kingine, bila ahadi. Kukata kipande cha ngozi na kushona, nibaki na kovu la kweli badala ya kovu la uongo. Au kuziba yote kwa wino mweusi, yaani kufanya nilichoambiwa siku ya kwanza. Kuna chaguo la nne linalouzwa mitandaoni kwenye vichupa, tindikali za kujipaka nyumbani. Nimeona mkono wa mtu aliyejaribu. Tuliache.

Siku hizi nasoma sana mambo haya, usiku, badala ya kulala. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba wino unashikiliwa na seli walaji za ngozini. Seli ikifa inauachia wino, nyingine inakuja inaumeza. Mchoro unaonekana umetulia kumbe unapokezanwa kila mara. Na mkaa ndio rangi ambayo leza inaipenda kuliko zote. Maana yake bluu iliyo mashavuni mwa bibi, iliyowekwa kwa kisu na mbegu za nyonyo, ingefutika kirahisi kuliko yangu ya mashine na wino wa kuagiza. Michanjo yenyewe ingebaki. Lakini nani wa kumpelekea bibi habari hiyo, na kwa nini.

Miadi yangu ya kikao cha pili ni Alhamisi wiki ijayo. Sijaithibitisha wala sijaighairi.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Newala. Nilivaa mikono mirefu kwenye basi, kwenye joto lile, hadi tulipopita Masasi ndipo nikaikunja. Jioni bibi alikuwa kwenye mkeka, nikakaa mbele yake, nikamnyooshea mkono kabla hajaomba. Hakusogeza uso karibu. Aliuona mstari mweusi kutoka pale alipokaa.

Alinyamaza. Kisha akagusa shavu lake, akagusa mkono wangu.

"Nani kakuchora hii?"

Nikamwambia, kijana mmoja wa Dar.

"Kaigeuza," akasema. "Yangu imetazama juu. Hii yako imetazama chini."

Akaanza kuuzungusha mkono wangu taratibu, akiutafutia upande, mpaka kiwiko kikagoma.