Siku moja maishani mwangu: kupima mvua, upepo na theluji kabla ya kuhamisha kituo cha safari za ndege

Saa 12 asubuhi. Nafika zamu ya usiku ikikabidhi kazi. Chumba hiki ndicho kinachoendesha safari zote za shirika letu: waratibu wanapanga njia na mafuta, wengine wanahesabu saa za marubani na wahudumu ili asipitilize mtu, mafundi wanafuatilia ndege zenye hitilafu, na mtabiri wa hali ya hewa amekaa katikati yao. Kikizimika, ndege zilizo angani zitatua salama, lakini baada ya saa chache hakuna atakayejua kwa uhakika rubani gani yuko wapi na ndege ipi imelala uwanja upi. Leo nimekuja mapema kuangalia jambo moja: nani anafika, na kwa njia gani. Kituo kinatakiwa kuhama, miji mitatu imependekezwa, na mimi ndiye niliyekabidhiwa hatari za hali ya hewa.

Saa 2. Nasoma ripoti ya mji wa kwanza, ulioko pwani, karibu na uwanja wetu mkuu. Imeandikwa kwamba jengo liko nje ya eneo la “mafuriko ya miaka 100”. Watu wengi husikia maneno hayo wakadhani maji yatarudi baada ya karne nzima. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Ukikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja unafika asilimia 26. Basi jengo lenyewe liko nje ya eneo hilo, sawa, lakini barabara zote mbili za kuingia zimo ndani. Naziwekea alama nyekundu.

Saa 4. Nipo na fundi mkuu wa umeme. Namuuliza jenereta zitakaa ghorofa gani. “Dada, jenereta hata ukiipandisha paani ni kazi bure kama pampu ya dizeli iko chini,” ananijibu. Ndivyo ilivyotokea New York mwezi Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoingiza bahari katika vyumba vya chini vya Manhattan. Jenereta za juu zilikuwa kavu, mafuta yakakosa njia ya kupanda, na katika jengo moja lenye kituo cha data watu walibeba dizeli kwa ndoo kwenye ngazi hadi juu. Nusu ya mazungumzo yetu inaishia kwenye joto, jambo ambalo ripoti zote tatu zimelipa aya moja tu. Julai 2022 joto la Uingereza lilipovuka nyuzi 40, mitambo ya kupoza ilizidiwa katika vituo vya data vya Google na Oracle jijini London, na huduma zikakatika. Hakukuwa na upepo wala tone la mvua.

Saa 6 mchana. Hapa ndipo siku yangu inapokuwa nzito. Mji wa pili uko tambarare, nchi ya tonado, yaani kimbunga chembamba cha nchi kavu kinachozunguka kwa kasi kubwa. Wa tatu uko juu milimani, wenye theluji. Mwenzangu wa majengo anaupenda wa tambarare, na hoja yake ina nguvu: njia ya tonado kwa kawaida ni nyembamba, mara nyingi mita mia kadhaa tu, kwa hiyo uwezekano wa kugonga jengo moja mahususi ni mdogo sana. Kimbunga cha baharini hufunika mkoa mzima. Tena jengo linaweza kuimarishwa.

Nakubaliana naye kuhusu uwezekano, ila mimi natazama muda. Kimbunga cha baharini kinaonekana siku kadhaa kabla. Unapata nafasi ya kupeleka timu kituo cha akiba kwa utulivu. Tonado inakupa dakika. Waratibu wataacha mezani ndege zilizo angani wakimbilie chumba cha kujikinga, na kama hakuna mji mwingine ulio tayari kuzipokea papo hapo, ukuta mnene hautasaidia. Isitoshe, nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo kwenye ukuta ni mara nne. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kiliing’oa rada kutoka paa la kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani, huko Coral Gables, Florida. Hao ni watu ambao kazi yao ni kuvijua vimbunga.

Saa 9 alasiri. Kikao na wakuu. Mkuu wa fedha anataka pwani, kwa kuwa watumishi wengi wanaishi huko na uwanja uko jirani. Namheshimu, lakini ujirani huo ndio ninaoupinga kwa nguvu zangu zote. Siku ambayo uwanja mkuu umefungwa na dhoruba ndiyo siku ambayo kituo kinahitajika kuliko siku zote, na dhoruba hiyohiyo itakuwa juu ya paa letu. Nawakumbusha Dubai, Aprili 16, 2024. Mji wa jangwani ulipata mvua ya zaidi ya mwaka mzima ndani ya saa 24, Emirates wakafuta safari karibu 400, na barabara zilizojaa maji zikawazuia abiria, marubani na wahudumu kufika uwanjani.

Mkuu wa kitengo, mama asiyesema sana, ananiuliza: “Na mratibu ambaye watoto wake wako kwenye nyumba inayoezuliwa, atakaa mezani?” Hakai, na asilazimishwe kukaa. Hilo peke yake linatosha kutenganisha kituo na uwanja.

Saa 11 jioni. Naandika pendekezo: kituo kikuu kiende milimani, cha akiba tambarare, pwani pasiwe na chochote. Theluji huja kila mwaka, hutabiriwa mapema, na watu wa huko wameizoea. Lakini naambatanisha masharti, kwa sababu Februari 2021 baridi ya Texas iliwakatia umeme mamilioni ya watu, sehemu ambayo wengi walihofia tonado zaidi. Jenereta, pampu na tangi vikae juu ya usawa wa maji na vijaribiwe kwenye baridi kali. Mikongo miwili ya mawasiliano iingie kwa njia tofauti. Vitanda na chakula cha zamu mbili viwepo jengoni. Kituo cha akiba kiendeshe safari halisi mara kwa mara, maana chumba kinachowashwa siku ya dharura tu huwa na programu zilizopitwa na wakati.

Saa 1 usiku. Mkuu wa fedha ananipigia: anataka gharama za vitanda na za mkongo wa pili kabla ya Ijumaa. Namwambia atazipata kesho.