Kiswahili Kando ya Cherehani
Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, lakini wengi wetu bado tunakisubiri kije na mwalimu, ilhali masomo ya bure yamejaa kwenye intaneti. Jirani yangu hapa Jinja, ambaye ni fundi cherehani, amepakua kwenye simu mafunzo ya zamani ya sauti yaliyotayarishwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya wanadiplomasia wake, naye huyasikiliza huku akishona. Juzi alisimamisha cherehani ghafla, akaniambia, “Mwalimu, kumbe ekitabo na ebitabo ndiyo kitabu na vitabu!” Nilifurahi mno, kwa kuwa mafunzo hayo yaliandikiwa wazungumzaji wa Kiingereza, na ulinganisho huo wa ngeli aliugundua mwenyewe kwa Kiganda chake.