Fisi Mlangoni kwa Nyanya
Kwa wanafunzi wangu wa Gredi ya 3 hapa Kisumu, hadithi ya msichana wa kofia nyekundu huisimulia upya: mbwa mwitu anakuwa fisi, naye nyanya anaishi Dunga, karibu na ziwa. Kabla fisi hajabisha hodi, mimi hunyamaza na kuwataka watabiri litakalotokea, kisha wataje maneno ya hadithi yaliyowafanya wafikiri hivyo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo ninayoithamini zaidi. Baadaye wanafunzi hulinganisha miisho miwili ya hadithi hiyo: wa mwandishi Mfaransa Charles Perrault wa mwaka 1697, ambapo msichana analiwa, na wa ndugu Grimm, waandishi wa Ujerumani, wa mwaka 1812, ambapo mwindaji anamwokoa. Wengi, nisifiche, humpenda Perrault. Kila mmoja huandika sababu ya chaguo lake.