Uliomba lini?

Kauli ya mdogo wangu ya Jumamosi bado inanichoma. Wiki hii shemeji amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na kazini yule mkuu wetu wa kitengo hatimaye ameondoka, lakini nikikaa peke yangu linalonirudia ni lile lile.

Salim alipiga simu asubuhi kwa sauti ambayo sijaisikia tangu amalize chuo.

"Dada, nimepata!"

"Umepata nini?"

"Kazi. Ya kufanyia nyumbani, kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Wamenisaili kwa meseji na saa hiyo hiyo wakanikubali."

Nikamuuliza, "Uliomba lini?"

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Wewe ulipopata kazi, dada, hakuna aliyekuuliza uliomba lini. Tulishangilia tu."

Akakata simu.

Tulishangilia tu. Nimeyasikia maneno hayo nikioga, nikiwa kikaoni, nikimfunga mwanangu viatu. Bora angenifokea. Hasira za Salim nimezizoea tangu utoto, zinawaka na kuzimika. Huu ulikuwa unyonge wa mtu aliyetuma maombi kila mahali na hajibiwi hata kukataliwa, na dawa yake mimi sina. Nilichokuwa nacho ni swali, na swali lenyewe lilikuwa la haki. Hakuna mwajiri anayemwaga kazi kwa watu ambao hawakuomba.

Mchana alinitumia barua pepe yenyewe ya ajira, bila neno. Jina la mtumaji ni idara ya ajira ya kampuni kubwa. Ukiligusa, nyuma yake inajitokeza anwani ya bure, ambayo mtu yeyote anaifungua kwa dakika chache. Ukibonyeza kujibu, jibu linaelekea anwani nyingine kabisa. Inaanza na "Mpendwa mwombaji", maana hata jina lake hawalijui. Saa mbili kwa siku, uzoefu hauhitajiki, mshahara wa kumzidi meneja, na nafasi zinafungwa leo usiku. Niliisoma yote nikitafuta kitu kimoja: hizo taarifa zinazoingizwa ni za nini, na nani anazilipia? Hakuna. Mshahara umeelezwa kwa kirefu, kazi imepita kwa sentensi moja.

Na lugha imejaa makosa. Wengi hudhani ni uzembe wa tapeli. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliandika kwamba barua za utapeli zisizoaminika zina faida kwa anayezituma: wenye shaka wanajiondoa mapema, wanabaki walio wepesi kuamini, na tapeli hapotezi muda wake kwa wengine. Ni chujio. Nilipokumbuka hilo ndipo hasira zikanipanda, na hazikuwa za Salim tena. Huyo mwepesi wa kuamini ni nani? Salim si mjinga. Hesabu zangu za sekondari alikuwa akinisahihishia yeye, mdogo. Ila mtu akishakaa muda mrefu bila kazi, barua inayosema "umekubaliwa" anaisomea matumaini yake mwenyewe, yale makosa anayaruka kwa hiari. Wanaozituma wanalijua hilo vizuri mno, na ndilo linaloniuma.

Wala hawakosi njia mpya. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilipokea taarifa zipatazo 20,000 katika nusu ya kwanza ya 2024 kuhusu aina moja tu ya utapeli wa kazi, ile ya kulipwa kwa kubofya "napenda" kwenye video au kukadiria bidhaa. Mwaka 2020 haikuwa na taarifa hata moja ya aina hiyo. Kwanza unalipwa kidogo, ukapata imani. Halafu unaambiwa uweke fedha zako, mara nyingi kwa sarafu za kidijitali, ili ufunguliwe kazi za daraja la juu. Hapo zinaanza kuondoka, hazirudi.

Jumatano usiku, tukiwa bado hatujasemezana, ikaingia picha kutoka kwa Salim. Hundi. Chini yake: "Wanasema niiweke benki leo leo, nibaki na ya kwangu, nyingine nimtumie muuzaji wao wa kompyuta. Dada, hii nayo vipi?"

Niliisoma ile "hii nayo vipi" nikasimama katikati ya chumba. Alikuwa ameniuliza! Nikampigia hapo hapo.

Nilimweleza bila haraka. Benki huweza kukuruhusu utumie fedha za hundi kabla hundi yenyewe haijathibitishwa ilikotoka. Salio linaonekana, unatoa, unamtumia huyo "muuzaji", ambaye ni wao wenyewe. Siku au wiki kadhaa baadaye hundi inagundulika ni ya kughushi, benki inachukua fedha zake kwako, na deni ni lako. Akauliza je, wangemtumia fedha moja kwa moja kwenye akaunti badala ya hundi? Nikamwambia hiyo ni mbaya zaidi: fedha zimeibwa kwa mtu mwingine, wewe unazipitisha, na jina linalobaki kwenye kumbukumbu ni lako. Hata wale wanaoajiri watu kupokea vifurushi nyumbani na kuvituma kwingine, mara nyingi mzigo umenunuliwa kwa kadi za wizi.

Akavuta pumzi. "Sasa kitambulisho changu nilichowatumia?"

Hilo sikulijua, na tumbo lilinikata. Tukakubaliana: hundi haiendi popote, hawajibu tena, meseji zote anazihifadhi kama ushahidi, benki anaiarifu asubuhi, na nywila aliyoiweka kwenye fomu yao anaibadilisha kila mahali alipoitumia. Alhamisi alikwenda benki kweli. Kuhusu kitambulisho bado tunaangalia, maana mtu anaweza kukopa kwa jina lake leo au mwakani.

Lile la Jumamosi hatukuligusa. Ila jibu lake nimelipata jana nikipiga pasi, na nitamwambia tukionana. Hakuna aliyeniuliza niliomba lini kwa sababu nyumba nzima ilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea barua yangu ya maombi kwa sauti, tukitafuta makosa, akanifutia sentensi nzima aliyosema inajipendekeza. Alinisindikiza kwenye usaili. Walishangilia kitu walichokihangaikia pamoja nami. Na mimi nataka kumshangilia hivyo hivyo, kwa kelele, siku ambayo hakuna atakayekuja kumdai chenji.

Baba naye ameahirisha tena kurudi kwa daktari wa macho. Anasema jicho la kulia limetulia, lakini jana nilimwona akisoma huku kageuza uso mzima upande, na nilipomuuliza akaanza habari za mjukuu mpya. Kesho nimuulize mama kama zile dawa za matone anazitumia au zimekaa tu kabatini.