Wati tano zile zile, Sakina mpaka Boma Ng'ombe

Kilichoniudhi ni ushauri. Kila niliyemuuliza kwa nini redio yangu ya mkononi, ile ya kubonyeza na kuongea, nikiwa nyumbani Sakina hapa Arusha inaishia Kijenge mjini humu humu, jibu lilikuwa moja, ongeza wati, nunua ya wati nane au kumi. Yaani unauziwa redio mpya wakati shida ni kale kaantena ka mpira. Ukitoka wati tano kwenda kumi unaongeza desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) tatu tu, wa upande wa pili anaweza asione tofauti, na kilima kilichokuzuia bado kipo pale pale.

Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo, natumia masafa ya mita mbili, 144 mpaka 146 MHz. Wimbi la 145 lina urefu wa mita mbili na kidogo, kwa hiyo robo yake ni kama sentimita 52, na waya wa antena unaukata mfupi kidogo, kama 49. Ile ya mpira haifiki hata 20, waya umeviringishwa kama springi ndani. Nikanunua ndefu mjini, elfu ishirini na kitu, hamna mabadiliko, nikaichana na kisu nikakuta springi ile ile fupi, juu yake plastiki tupu mpaka nchani. Iliniuma sana.

Mzee mmoja wa Boma Ng'ombe, kule Hai mkoani Kilimanjaro, mkongwe wa mambo ya redio, ndiye aliyenifungua macho kwenye simu: "Mwanangu, antena yako ina mguu mmoja." Antena inataka pande mbili, na kwenye redio ya mkononi upande wa pili ni bodi ya redio na mkono wako, ambavyo havitoshi. Nikachukua waya wa chaja iliyokufa, nikapima sentimita 49, nikamenya ncha, nikaizungusha chini ya antena iguse chuma cha nje (cha nje, usije ukagusa pini ya katikati), waya ukaning'inia kama mkia. Jioni hiyo hiyo jamaa wa Tengeru, nje ya mji, ambaye miezi yote namsikia yeye hanisikii, akanijibu. Bure kabisa! Na redio uishike wima, ukiilaza unapoteza.

Hapo nikapata hamu ya antena ya nje. Waya wa nyumba wa milimita mbili na nusu, vipande vitano, kimoja juu, vinne vimeinama nyuzi 45, vyote kwenye soketi moja. Niliogopa wezi nikaiweka darini, na Tengeru akapotea tena. Siku mbili nakata waya, napima, nakata tena, najua nimekosea vipimo, kumbe ni mabati, nimeifunika antena na sufuria. Nilipoitoa tu barazani sauti zikaanza kuingia. Ikabidi nikate waya mpya maana ile nilishaifupisha mno, nikaipandisha kwenye mwanzi wa mita sita nyuma ya nyumba.

Waya wa kushukia kutoka antena mpaka redioni nikatumia wa dishi. Walinikataza, eti ukinzani wake ni omu 75 na redio inataka 50. Ni kweli hazilingani, lakini SWR, kipimo cha nguvu inayorudi redioni, inakuja kama 1.5, redio haiumii, na kwa mita kumi waya wa dishi unapoteza nguvu kidogo kuliko ule mweusi mwembamba ambao wote wananunua. Adapta ndizo zilinimaliza, zilipita bei ya antena yenyewe, ila jumla sidhani kama ilifika elfu arobaini. Mawingu yakianza kujikusanya Meru nachomoa waya na kuutoa nje, radi haina urafiki.

Jumapili asubuhi nikamwita mzee, safari hii kwa redio.

"Shikamoo mzee."

Kukawa na mvumo kidogo, lakini kila neno nalisikia. "Marahaba mwanangu, umefika Boma saa ngapi mbona hukuniambia?"

"Niko Sakina mzee, sebuleni kwangu."